Mgonjwa anaposema "tumbo": mhadhara kwa wanafunzi wa uuguzi na utabibu

Karibuni, wanafunzi. Ratiba inasema leo ni istilahi za mfumo wa mmeng'enyo wa chakula. Majina ya viungo mmeshayakariri: umio, mfuko wa chakula, duodeni, utumbo mwembamba, utumbo mpana, puru, na pembeni ini, kibofu cha nyongo na kongosho. Sitayarudia. Nataka tuzungumze majina wanayokuja nayo wagonjwa, maana ndiyo mtakayoyasikia wodini, na ndiyo yanayotupoteza tukiyaandika kwenye faili kabla hatujauliza.

Neno tumbo kwa mgonjwa ni kila kilichopo kati ya mbavu na kinena. Mwombe aoneshe kwa kidole kimoja. Akisema maumivu yalianzia kitovuni jana, kisha yakahamia chini upande wa kulia, na chakula hakitaki, mfikirie kidole tumbo. Akishika chini ya mbavu za kulia na kusema huzidi akila vyenye mafuta, ifikirie nyongo. Akisema yanapenya hadi mgongoni na anapata nafuu akiinama mbele, usiisahau kongosho.

Sasa chembe ya moyo. Hapa naomba tukae kidogo. Mgonjwa akigusa hapo, pale mbavu zinapokutana juu ya tumbo, sisi sote tunakimbilia kusema ni asidi, tunamwandikia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi, anaenda nyumbani. Mara nyingi ni kweli asidi. Lakini baba wa makamo, ana kisukari, anatoka jasho jembamba na chembe inambana: huyo apimwe moyo kwanza, kwa sababu shambulio la moyo linaweza kujitokeza hapo hapo. Na mama mwenye mimba ya miezi saba anayelalamika chembe ya moyo pamoja na kichwa kuuma na macho kuona ukungu, usimpe dawa ya kiungulia. Mpime presha, pima protini kwenye mkojo. Maumivu hayo yanaweza kutoka kwenye ini lililoathiriwa na shinikizo la damu la mimba, na kifafa cha mimba kiko njiani. Nalisema hili kwa uzito wote nilio nao: kosa la hapo linaondoa watu wawili kwa mpigo.

Jina linalotumika ovyo kuliko yote ni vidonda vya tumbo. Mtu akicheua, vidonda. Gesi ikijaa, vidonda. Kiungulia ni asidi kupanda kwenye umio, na mtu anaweza kukaa nacho miaka bila kuwa na kidonda hata kimoja. Na vidonda vyenyewe vingi havipo kwenye mfuko wa chakula, vipo kwenye duodeni, mwanzo wa utumbo mwembamba.

Zamani hata madaktari walivitupia lawama mawazo na pilipili. Barry Marshall na Robin Warren, kule Perth, Australia, walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria Helicobacter pylori mwaka 1982, wakadai ndiye chanzo. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kipimo cha kamera kikaonesha mfuko wake wa chakula umevimba. Tuzo ya Nobel waliipata mwaka 2005. Ndiyo maana leo kidonda kinatibiwa kwa antibiotiki pamoja na dawa ya kupunguza asidi, na mgonjwa lazima amalize dozi. Chanzo kingine kikubwa ni dawa za maumivu: diklofenaki, ibuprofeni na aspirini. Fundi anayemeza diklofenaki kila jioni kwa ajili ya mgongo hatakwambia, kwa sababu kwake hiyo si dawa ya tumbo. Muulize wewe.

Muulize pia choo, na usione haya, kwa kuwa ukiona haya wewe, yeye ataona zaidi. Choo cheusi kama lami, kinachonata na kutoa harufu kali, ni damu iliyovuja juu na kumeng'enywa njiani. Huyo hasubiri kliniki ya wiki ijayo. Ila uliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu, maana madini ya chuma nayo hukifanya choo kiwe cheusi.

Damu nyekundu nayo ina jina lake la haraka: bawasiri. Wengi kweli ni bawasiri. Lakini wapo wanaopaka malhamu mwaka mzima huku saratani ya puru, mwisho wa utumbo mpana, ikikua, na hakuna aliyewahi kuwapima kwa kidole. Eleza unachotaka kufanya, omba ridhaa, funga pazia, pima.

Nimalizie na homa ya ini. Jina hili limezoeleka hata redioni, na linatuletea shida. Unamwambia kijana majibu yake yameonesha ana homa ya ini aina ya B, anakujibu, "Mbona sina homa, daktari?" Na anasema kweli: wengi wenye virusi hivyo hawana homa wala macho ya manjano, na wanaweza kuishi navyo miaka mingi huku ini likiharibika taratibu. Ukiishia kwenye jina, ataondoka akiamini amepona. Mwambie ana virusi vinavyoishi kwenye ini, vinavyopita kwa damu, kwa kujamiiana, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kujifungua. Kula sahani moja na wenzake hakuviambukizi. Lisemeni hilo waziwazi, kwa sababu wapo waliotengwa kwa sahani. Kisha mpangie tarehe ya kupima utendaji wa ini, mwombe aje na mwenzi wake apimwe, na asiye na maambukizi achanjwe. Na kama mwenzi huyo ni mjamzito na amekutwa na virusi, andikeni kwenye kadi yake kwamba mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa.