Vyuma vya Meno na Maisha ya Kambini

Ndugu wasikilizaji, familia zinazopenda kupanda milima, kuendesha baiskeli na kulala kwenye mahema huuliza swali moja mtoto anapovishwa vyuma vya meno: je, hayo yote yasimame? Hapana. Matibabu kwa kawaida huchukua miezi 18 hadi 24, na mtoto hafungiwi ndani muda wote huo. Tujue tu kinachoendelea kinywani mwake.

Jino halikupigiliwa kwenye taya kama msumari kwenye ubao. Linaning'inia katika nyuzi laini zinazouzunguka mzizi. Waya unapolisukuma, mfupa wa upande unaobanwa humeng'enywa, na upande unaovutwa mfupa mpya hujengwa. Mwendo wake ni takribani milimita 1 kwa mwezi. Kukaza zaidi hakuharakishi kitu: damu huzuiwa kufika kwenye zile nyuzi, na mzizi wenyewe unaweza kuliwa ukafupika. Ndiyo sababu daktari bingwa wa kupanga meno husomea kwanza udaktari wa meno, kisha huongeza miaka 2 hadi 3 ya ubingwa. Meno yaliyopinda kila mtu anayaona. Kiasi cha kuyasukuma ndicho kinachosomewa.

Safari ndefu ikikaribia, mtoto akakazwe waya wiki moja kabla. Maumivu huwa makali siku 2 au 3 za mwanzo, na hakuna haja ya kuyapeleka mlimani. Mkobani tieni nta ya meno, kioo kidogo, mswaki, kibrashi chembamba cha kupita chini ya waya, na vijiraba vya akiba vya kuvalia kwenye vyuma.

Kinachosumbua zaidi ni ncha ya waya kuchoma shavu nyuma ya gego. Meno yakijipanga, waya uliokuwa umepinda hunyooka, na urefu unaozidi hutokeza nyuma. Isukumeni taratibu kwa kifutio cha penseli. Ikikataa, kausheni kwanza kwa pamba, kwani nta haishiki penye mate, kisha finyangeni kidonge cha nta kiasi cha punje ya njegere mkibandike hapo. Braketi, yaani kile kipande kidogo kilichogandishwa kwenye jino kushikilia waya, ikibanduka na kubaki ikining'inia kwenye waya isivutwe. Ipakeni nta vilevile, na daktari aarifiwe.

Vinywaji vitamu vinavyonywewa kidogo kidogo njiani naviogopa kuliko karanga ngumu. Karanga hubandua braketi, nayo hugandishwa upya. Sukari hulisha bakteria, asidi yao hunyonya madini ya jino, na vyuma vikitolewa hubaki alama nyeupe kuizunguka sehemu ya braketi. Njiani, maji yanatosha.

Kwenye baiskeli na michezo ya mpira, avae kikinga meno kilichotengenezwa kwa ajili ya wenye vyuma. Kile cha kulainishwa kwa maji moto na kung'atwa hunasa kwenye braketi, tena huyabana meno yanayotakiwa kusogea.

Jino la ukubwani liking'oka lote kwa kugongwa, lishikeni sehemu nyeupe, kamwe si mzizi. Lisuuzeni kidogo kwa maziwa au maji safi bila kulisugua, lirudisheni tunduni, mtoto aume kitambaa. Haiwezekani? Litieni kwenye maziwa. Likikaa kavu dakika 30 hadi 60, seli za mzizini hufa, kwa hiyo safari ya kwenda kwa daktari ianze hapo hapo. La utotoni lisirudishwe: linaweza kuliumiza jino linalokua chini yake.