Mfalme Aliyepiga Magoti na Bado Akafungwa

Walimu wenzangu, hili nimeshalisema mara nyingi na leo nalisema tena, kwa sababu picha hii ya kuchorwa ingali inabandikwa vitabuni bila maelezo. Mnaijua. Kumasi, mji mkuu wa Waasante katika Ghana ya leo, Januari 20, 1896. Maafisa wa Kiingereza wamekaa juu, askari wamejipanga, na chini yao Asantehene, yaani mfalme wa Waasante, Prempeh na mama yake, Yaa Akyaa, wamepiga magoti na kushika miguu. Magazeti ya picha ya London yakaisambaza, na kila aliyeitazama akajua vita vimekwisha.

Vita gani? Jeshi la Kiingereza la Sir Francis Scott liliingia Kumasi tarehe 17 bila kupigana, kwa kuwa Prempeh alikuwa amewazuia watu wake. Mwaka uliotangulia alikuwa ametuma wajumbe hadi London, John Owusu-Ansah akiwaongoza, wakaonane na serikali ya Malkia Victoria. Walikaa huko miezi kadhaa na hawakupokewa.

Sasa tazameni jukwaa. Liliundwa kwa makasha ya biskuti za askari. Juu ya makasha hayo akakaa Maxwell, Gavana wa Kiingereza wa Gold Coast, akataka mfalme ajisalimishe mbele ya watu wake wote. Prempeh akavua taji, akavua makubazi, akaja na mama yake, wakashika miguu ya Gavana. Picha inaishia hapo, na hapo ndipo ninapogombana nayo. Maana baada ya magoti Gavana alidai wakia 50,000 za dhahabu. Prempeh akasema atatanguliza kiasi kidogo, nyingine atalipa kidogo kidogo. Gavana akakataa, akatangaza palepale kwamba mfalme yuko chini ya ulinzi, pamoja na mama yake, baba yake, ndugu yake na wakuu wake. Hata Owusu-Ansah, yule mjumbe, alikamatwa siku hiyohiyo.

Mtaniambia: si kweli alipiga magoti? Kweli, sibishi. Mtaniambia tena: mbona baadhi ya waliochora walikuwepo? Walikuwepo. Baden-Powell, huyu mwanzilishi wa Skauti, aliongoza askari wa kienyeji katika msafara ule na alichora kwa mkono wake. Lakini alichora akiwa upande wa waliokalia makasha. Ukikata habari kwenye magoti, unamwonyesha mtu aliyeshindwa. Ukiifikisha mwisho, unamwona mtu aliyejisalimisha kama alivyoamriwa na kuahidi kulipa ili abaki na kiti chake, kisha akafungwa. Mwanafunzi anayeonyeshwa magoti peke yake tumemdanganya, na mimi hilo silivumilii.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mengine nayapitisha haraka. Kiti cha Dhahabu, kile kiti kitakatifu cha ufalme wa Asante, Waingereza hawakukipata. Gavana Hodgson alipokidai mwaka 1900, Yaa Asantewaa, mama malkia wa Ejisu, akaongoza vita. Prempeh alipitishwa Elmina na Sierra Leone, mwaka huohuo wa 1900 akapelekwa uhamishoni Shelisheli, akarudi 1924. Na hapa panatuhusu sisi wa Afrika Mashariki: visiwa hivyohivyo vya uhamisho vilimpokea mfalme Mwanga wa Buganda, akafia huko 1903, na mfalme Kabalega wa Bunyoro, aliyeruhusiwa kurudi 1923 akafia Jinja kabla hajafika kwao. Nilitaka tuzitazame na picha zao, tuone nani amechorwa akiwa amefungwa na nani hakuchorwa kabisa. Tutazitazama kipindi kijacho. Karibuni kwa maswali.