Kampuni Iliyokodi Pwani

ASHA: Asalaam alaykum, karibuni. Mie Asha, niko na mwenzangu Kombo hapa mjini Unguja. Leo tunazungumzia kampuni kubwa na serikali, nani hasa anamwamrisha mwenzake. Kombo kaja na mkataba wa 1887.

KOMBO: Ndio, Bi Asha. Mei ya mwaka huo Sayyid Barghash, Sultani wa Zanzibar, alilikodisha kundi la William Mackinnon pwani yake, kutoka Mto Umba hadi Kipini, yaani pwani ya Kenya ya leo. Mackinnon alikuwa tajiri wa meli. Meli zake za barua zilikuwa zikifika Unguja tangu 1872.

ASHA: Kukodi shamba la karafuu naelewa. Pwani nzima inakodishwa vipi?

KOMBO: Walipewa kukusanya ushuru wa forodha, kutunga sheria, kuweka mahakama, yote kwa jina la Sultani. 1888 Malkia Victoria akawapa hati, wakawa Imperial British East Africa Company. Wakatoa hata sarafu, rupia zenye jina la Mombasa.

ASHA: Basi hiyo ni dola!

KOMBO: Dola yenye wanahisa. Mwenye hisa yuko Uingereza anangoja faida, na nahodha wa jahazi yuko Mombasa anatozwa ushuru. Huyu nahodha atamshitaki nani, na kwa nani? Kusini kampuni ya Wajerumani ilipojaribu mambo hayo hayo, Agosti 1888, watu wa Pangani wakainuka, akaongoza Abushiri bin Salim. Kampuni ikashindwa, serikali ya Ujerumani ikaleta askari, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa.

ASHA: Na hii ya Mackinnon?

KOMBO: Iliishiwa. Uganda ilikula fedha nyingi, biashara haikutosha. 1895 serikali ya Uingereza ikaichukua nchi, kampuni ikalipwa pauni 250,000. Na katika hizo, 200,000 zilitoka Zanzibar.

ASHA: Zanzibar? Kwa nini sisi?

KOMBO: Sikiliza. 1890 Wajerumani walimlipa Sultani marki milioni 4, kama pauni 200,000, ili pwani ya kusini iwe yao moja kwa moja. Fedha hizo ndizo zilizokwenda kuifidia kampuni ya kaskazini.

ASHA: Yaani pwani moja imeuzwa, na thamani yake ikalipia pwani ya pili iliyokuwa yetu tangu awali. Angalau ilirudi mikononi mwetu?

KOMBO: Wapi! Waingereza wakaitawala. Sultani akawa anapewa pauni 11,000 kwa mwaka za kodi, na 6,000 za riba ya zile 200,000. Kukataa angekataa vipi, na tangu 1890 yuko chini ya himaya yao?

ASHA: Hapo ndipo panaponiuma. Biashara ikienda vizuri, faida ya wenye hisa. Ikiharibika, hazina ya umma inalipa. Na mie nikiifikiria Zanzibar ya leo, ardhi ni ya serikali, mwekezaji anakodi kwa serikali. Mama wa mwani wa Paje hayumo katika mkataba, lakini ufukwe ni kazi yake. Tangu 2021 tunasikia visiwa vidogo navyo vinakodishwa.

KOMBO: Mie uwekezaji siupingi, hoteli zimewaajiri jamaa zangu. Ninachotaka ni mkataba usomwe kwenye shehia kabla ya saini, kwa Kiswahili. Njia ya kwenda dikoni, wanakoegesha vyombo wavuvi, ibaki wapi? Mradi ukifa, nani anabeba hasara?

ASHA: Watakwambia ni siri ya biashara.

KOMBO: Bei mwekezaji anayonunulia saruji iwe siri, sina neno. Njia ya wavuvi kwenda dikoni haiwezi kuwa siri yake. Na sheha akiulizwa na watu wake awe na karatasi ya kuwaonesha.

ASHA: Naam. Mlioko Nungwi, Makunduchi, Micheweni, popote ulipokodishwa ufukwe wenu, tuandikieni. Mlisomewa mkataba? Na nani, na kabla ya saini au baada yake?