Mtoto wa darasa la kwanza anasoma nini hasa?

Haya jamani tuanze, wanaochelewa watatukuta njiani. Nimeombwa niongelee mtoto wa darasa la kwanza anasoma nini, na najua wengi mnategemea nitaje masomo, kusoma, kuandika, hesabu, sayansi kidogo, michezo, halafu tuagane. Ratiba mnazo, sitawasomea ratiba. Ninachosema mimi ni kwamba kwa mtoto wa miaka 6 au 7 masomo yote hayo karibu ni kazi moja tu, anajifunza kwamba alama kwenye karatasi inasimama badala ya kitu ambacho hakipo pale. Sisi tumeshazoea mpaka tunaona ni jambo dogo.

Angalia b na d. Mtoto anaambiwa aandike "dada" anatoa "baba", mzazi anapaniki, anaanza kusema macho yana shida. Sasa huyu mtoto toka azaliwe anajua kikombe ukikigeuza mkono wake ukawa kulia au kushoto ni kikombe kilekile, leo ndo anaambiwa hapana, hiki kijiti na kiduara ukikigeuza kinakuwa kitu kingine! Kugeuzageuza herufi umri huu ni kawaida kabisa, ila ikiwa miaka inaenda na kusoma nako hakusogei, hapo mpeleke akaangaliwe.

Kwenye kusoma Kiswahili kinatuhurumia, ba be bi bo bu, akishashika silabi anasoma hata neno ambalo hajawahi kuliona. Na shida inaanzia hapohapo, maana anaweza kuporomosha ukurasa mzima kama redio, ukimuuliza nani kafanya nini anakukodolea macho. Huyo hajasoma bado, ametamka. Muulize maswali, hata mawili tu.

Sasa hesabu, hapa nikae kidogo. Mwambie aandike kumi na mbili, usishangae akikuandikia 102. Watu wanacheka. Usicheke, tizama alichofanya: kasikia kumi kaweka 10, kasikia mbili kaweka 2, akili yake iko sawa kabisa. Ambacho hajakipata ni kwamba ile 1 ya kwenye 12 siyo moja, ni fungu zima la kumi, yaani pale tarakimu ilipokaa ndo panaipa thamani. Na hili wazo si jepesi, Warumi waliendesha dola kubwa vile na namba zao za X na V ambazo hazina huo mpango, halafu wewe unataka mwanao alishike kabla ya likizo. Mpe vijiti, afunge kumikumi na mpira, kumi na mbili ni fungu moja na vijiti viwili pembeni, afungue, afunge tena, achoke mwenyewe. Na vidole mwacheni avitumie, sijui nani aliwaambia kuhesabu kwa vidole ni ujinga.

Kingine ni ile alama ya sawasawa. Mpe 8 + 4 = __ + 5 uone, wengi wanajaza 12, kwa sababu kila swali walilowahi kupewa jibu linakaa kulia, kwa hiyo kwao = maana yake "haya leta jibu", hawajui inasema pande mbili zinalingana. Walimu mnisikie, siku mojamoja andikeni ubaoni 7 = 3 + 4, utasikia "mwalimu umekosea!", na hapo somo ndo limeanza. Tusipolishughulikia sasa litamsubiri kule mbele akikutana na x ya aljebra.

Sayansi nayo, muulize jua liko hai? Liko hai, linatembea. Mti? Hauko hai, umesimama tu. Jean Piaget, yule mwanasaikolojia Mswisi aliyechunguza fikra za watoto, aliandika mambo haya toka miaka ya 1920. Ukimkaripia atakariri jibu lako tu. Pandeni mbegu kwenye kopo, awe anapima mche kwa rula, anaandika namba, anachora, hapo kasoma sayansi na hesabu na kuandika kwa mpigo na hakuna aliyemwambia sasa ni kipindi gani.

Naona mkono pale nyuma. Mwandiko mbaya, sawa mama, nilijua litakuja. Mifupa ya kifundo cha mkono wa mtoto wa umri huu haijakomaa yote, kwa hiyo kabla hujamwongezea kurasa za "a a a" mpe udongo afinyange, mpe mkasi akate karatasi, vifungo vya shati afunge mwenyewe hata kama mnachelewa, hayo yote yanauandaa mkono kwa penseli. Halafu mistari mitatu aliyoiandika ametulia inatosha, ukimlazimisha ukurasa mzima utaona mwenyewe kule chini herufi zote zimelala. Nani mwingine?