Kulaza lori uwanjani kwa mtu, kuanzia Usagara hadi ng'ambo ya daraja

NEEMA: Karibuni tena. Leo ni zamu ya madereva wa malori, pamoja na wenye masheli, gesti na maghala wanaogongewa geti kila jioni: "Bosi, naomba nilaze gari hapa hadi alfajiri." Kaka Masanja, tuanzie wapi?

MASANJA: Usagara, maana ndipo njia zinapoachana. Anayetoka Shinyanga akifika pale ananyoosha kuingia mjini Mwanza kupitia Buhongwa, au anashika kulia kwenda Kisesa ili atokee njia ya Magu na Musoma bila kugusa mji, au kushoto kwenda Kigongo kwa ajili ya Sengerema na Geita. Enzi za kivuko, foleni ya Kigongo ndiyo ilikuwa maegesho yenyewe. Unapanga gari, unalala, unavuka kesho. Daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa Juni 2025, kilomita 3 zinaisha kwa dakika chache, na usiku unakukuta ng'ambo hujapanga pa kulala.

NEEMA: Kwa hiyo apange mapema.

MASANJA: Afike kabla ya saa kumi na mbili jioni. Ukifika saa nne usiku unamkuta mlinzi peke yake, na mlinzi hana mamlaka ya uwanja. Atapokea chochote utakachomshikisha, halafu alfajiri meneja anakuja anakukuta umeziba njia, na mlinzi anasema hakujui. Ruhusa unaomba kwa msimamizi wa zamu au mwenye eneo, na unaondoka na jina lake na namba yake ya simu.

NEEMA: Sheli nyingi hazina shida na dereva aliyejaza mafuta pale pale. Ila mteja asidhani risiti ya dizeli ndiyo kibali. Aulize waziwazi: nalipa kiasi gani, naondoka saa ngapi, nikae wapi.

MASANJA: Na hapo kwenye "nikae wapi" pana mtego. Ule uwanja mpana ulio kati ya lami na ukuta wa sheli, mara nyingi si wa sheli. Ni hifadhi ya barabara. Kwa Sheria ya Barabara ya 2007, barabara kuu ina mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati. Mwenye sheli hawezi kukuruhusu kulala kwenye eneo ambalo si lake, hata awe mkarimu vipi. Tafuta vigingi vya TANROADS, wakala wa barabara, uvipite ukae upande wa sheli.

NEEMA: Kabla gari halijaingia, utingo ashuke akague kwa miguu.

MASANJA: Akague nini sasa? Kwanza nafasi. Semi, yaani kichwa na trela lililokikalia, ni karibu mita 17; pulling, lori linalovuta trela nyuma yake, inafika 22. Upana ni mita 2.5, weka vioo na mlango wa kufunguka, hesabu mita 4. Halafu geti. Trela inakata kona: tairi za nyuma zinapita ndani zaidi kuliko kichwa. Kinachoumia ni nguzo ya geti, mtaro, mfuniko wa chemba. Mifuniko mingi ya chemba imetengenezwa kwa ajili ya gari dogo, ekseli yenye mzigo inaivunja, na tairi ikishazama ndani ya chemba usiku umeharibika kwa kila mtu.

NEEMA: Na juu pia. Ukiwa na marobota ya pamba yamepangwa hadi juu, au kontena refu, usipite chini ya paa la sheli kabla ya kusoma kimo kilichoandikwa. Kama hakijaandikwa, zunguka. Waya za umeme zinazoingia gesti nazo huwa zimelegea.

MASANJA: Ardhi ndiyo watu wanaidharau. Misungwi na Magu kuna mbuga, ule udongo mweusi. Kiangazi ni mgumu kama saruji. Mvua ikinyesha saa nane usiku, udongo unavimba na kulainika, na gari la tani 50 linazama hadi bodi inakaa chini. Hapo unalipa gari la kukuvuta na unamlipa mwenye uwanja mashimo uliyomwachia. Kama ni mbuga tupu bila kifusi wala changarawe, na mawingu yamefunga upande wa ziwani, mshukuru mwenyeji uendelee na safari.

NEEMA: Kwenye pevingi je?

MASANJA: Usikate usukani gari likiwa limesimama, tairi za mbele zinasaga palepale. Na kwenye kona kali, zile ekseli tatu za trela hazigeuki, zinasugua. Pevingi zinang'oka na mwenye eneo hatakuruhusu tena, wala hataruhusu anayekuja nyuma yako. Sogea taratibu huku unakata. Na kama unaacha trela, miguu yake inabeba uzito mkubwa kwenye kipande kidogo cha ardhi. Weka mbao nene, unene wa inchi 2 au zaidi, pana kuliko kanyagio la mguu. Kwenye lami iliyopata jua kutwa ndiyo usifikirie kabisa kuacha bila mbao.

NEEMA: Turudi sheli, kuna jambo la uhai. Dereva anapaki, utingo anawasha jiko la gesi pembeni ya tairi, ugali unapikwa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini, unafuata mteremko na mitaro. Huuoni. Ukikaa karibu na mifuniko ya matangi ya chini au bomba za kupumulia, umekaa pabaya. Hakuna jiko, hakuna sigara. Chakula kaleni kwa mama ntilie.

MASANJA: Tena pale kwenye mifuniko ndipo lori la mafuta linaposhushia, na linaweza kuja saa tisa usiku. Utaamshwa usogee. Sasa kama breki zako zinavujisha upepo, upepo umeisha na breki za nyuma zimejifunga zenyewe kwa springi. Gari haliendi hadi uwashe injini upepo ujae tena. Lori la mafuta linasubiri, meneja amenuna. Kwa hiyo anayevujisha upepo aseme mapema awekwe kona asiyosumbua mtu. Na kama unalala gesti, funguo na simu viwe na mtu anayeweza kuliondoa gari.

NEEMA: Wizi?

MASANJA: Kontena au bodi yenye milango ya nyuma, rudisha nyuma hadi ukutani, acha sentimita 30 tu. Milango inafunguka kwenda nje, kwa hiyo haitafunguka. Wawili mkiwa pamoja, wekeni mgongo kwa mgongo. Mafuta: kofuli kwenye tangi, na pima kwa kijiti jioni na alfajiri, gari likiwa palepale. Geji itakudanganya ukilaza gari kwenye mteremko, na Mwanza mteremko haukosekani. Betri zipigwe mnyororo. Turubai likaguliwe pande zote, wanapasua upande wenye giza.

NEEMA: Mwenye eneo naye ajilinde. Daftari la mlinzi liandikwe namba ya kichwa na namba ya trela, maana ni mbili tofauti, jina la dereva, simu, aina ya mzigo, saa ya kuingia na ya kutoka, sahihi. Piga picha gari lilivyoingia, pamoja na turubai na kioo kilichopasuka tayari. Na mizigo mingine ikatae bila aibu: baruti na sianidi ya migodini, au lori la mafuta ambalo si la kwako.

MASANJA: Kuhusu samaki pia una la kusema.

NEEMA: Samaki ni suala la harufu na kelele! Gari la baridi linanguruma usiku kucha, halizimwi. Lipeleke mbali na madirisha ya gesti, na ile feni ya mashine isielekezwe ukutani, inahitaji hewa. Ndoo iwekwe chini ya tundu la maji, la sivyo asubuhi uwanja mzima ni inzi. Dagaa wakavu wao hawana maji, ila paka watapanda.

MASANJA: Alfajiri sasa. Pua ya gari iwe inatazama barabara tangu jioni, maana kurudi nyuma kuingia barabarani gizani ni kuitafuta ajali. Washa, subiri upepo ujae, utingo azunguke na tochi aangalie chini ya tairi kama kuna mtu. Walinzi na watoto wa mtaani hujificha mvua humo. Kisha saini daftari, uende.