Ghala Limejaa, Mtoto Hana Damu

ATU: Kamwene kwa Iringa na Njombe, ndaga kwa wa Rungwe na Kyela. Hapa Mbeya baridi imeshika, mwenzangu kaja studio na blanketi.

LUTE: Ni mgololi, dada Atu, usinivunjie heshima. Twende kazini. Mama mmoja wa Mafinga katutumia ujumbe wa sauti. Mwanawe ana mwaka na miezi minane, anabandua udongo ukutani na kuula. Bibi anasema minyoo. Jirani anasema anunuliwe dawa ya maji ya kuongeza damu. Mama anauliza: mtoto anashiba ugali na viazi, bado ananyonya, sasa anakosa nini?

ATU: Mtoto wa umri huo hutia kila kitu mdomoni, hilo tunalijua. Lakini akishaanza kuutafuta udongo na kuurudia, nawaza madini chuma kwanza. Mama, mfungue kiganja taratibu. Usimvute vidole kwa nyuma, maana ukivivuta kiganja cha mtoto yeyote kitapauka. Kilinganishe na chako na cha watoto wengine. Halafu tazama ndani ya kope la chini. Kama kumepauka, nenda zahanati, wala usipitie dukani.

LUTE: Na kama hakujapauka?

ATU: Nenda vilevile, kwa sababu ya huo udongo. Akiba ya chuma mwilini huisha kimyakimya, kupauka kunakuja baadaye. Mtoto anakuwa mzito tu, hachezi, anachoka, mafua hayamwachi. Apimwe damu. Na sisi wa nyanda za juu tuna jambo letu hapa. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, hewa nyepesi, basi mwili unajiongezea damu wenyewe. Kwa hiyo namba ya kipimo inatakiwa ipunguzwe kidogo ndipo ilinganishwe na kiwango. Kwa mtoto wa miaka miwili hadi mitano kiwango cha chini cha wingi wa damu ni 11, yaani gramu kwa desilita. Mtoto wa Makete akisomeka 11 na pointi mbili, mzazi asishangilie. Aulize kama mwinuko umehesabiwa.

LUTE: Sasa hiyo dawa ya jirani?

ATU: Jirani ana nia njema, ila upungufu wa damu una wazazi wengi: malaria, minyoo, selimundu. Ukimwaga chuma juu ya malaria ambayo haijatibiwa unaweza kuongeza tatizo. Na chuma kikizidi ni sumu kwa mtoto. Ile chupa tamu tamu iwekwe juu kabisa, mbali na mikono yake. Ya mama mjamzito pia, vile vidonge vyekundu wanavidhani pipi.

LUTE: Mimi kinachoniuma ni hizi namba. Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa watoto chini ya miaka mitano Iringa ni asilimia 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Taifa zima ni 30. Hii ndiyo mikoa inayolisha Dar es Salaam! Magunia yanashuka mlima Kitonga usiku kucha.

ATU: Yanashuka, na mayai yanashuka, na parachichi, na maziwa. Kinachobaki nyumbani ni mahindi. Udumavu una sababu nyingi, siusukumii vitamini peke yake, lakini sahani zetu nazijua. Ugali mlima, mboga kijiko. Mtoto anazaliwa na akiba ya chuma ya kama miezi sita. Maziwa ya mama ni mazuri kwa kila kitu, ila chuma chake ni kidogo, kwa hiyo baada ya hapo chakula kinapaswa kubeba mzigo. Sisi tunampa uji mweupe wa sembe, na saa nne chai ya rangi na kiazi.

LUTE: Chai ya Mufindi usiiguse, tutapigiwa simu.

ATU: Wakubwa wanywe, saa moja au mbili mbali na chakula. Mtoto mdogo hahitaji chai. Inazuia chuma cha mboga na maharage kisiingie mwilini.

LUTE: Basi watu watakujibu, sisi tunampa uji wa lishe. Nafaka saba.

ATU: Aa, hapo sasa! Mahindi, ulezi, mtama, ngano, mchele, wote ni ndugu wa ukoo mmoja. Kuwachanganya hakuongezi lishe kama watu wanavyodhani. Halafu maganda ya nafaka yana kitu kinachokamata chuma na zinki kama kupe, havitoki. Na karanga zinazochanganywa humo zikiwa na ukungu unamlisha sumukuvu. Mimi nasema nafaka moja. Dona inaishinda sembe kwa madini, na ukiotesha ulezi ukapata kimea, au ukauchachusha uji kidogo, ile kamata kamata inapungua. Kisha tia kitu cha kueleweka: maziwa, yai, au unga wa usipa, wale dagaa wa Ziwa Nyasa.

LUTE: Usipa unanuka, watoto wanakataa.

ATU: Unanuka ukiuharakisha. Usipa wa Kyela uoshe maji matatu, mchanga uishe. Anika, kaanga mkavu kwenye sufuria mpaka ukivunja unalia kah. Twanga, chekecha, weka kwenye chombo kikavu. Kijiko kimoja kwenye uji au kwenye maharage yaliyopondwa, tia na nyanya. Hakusemi mtu kitu. Unakula samaki mzima na mifupa yake, kwa hiyo kuna chuma, zinki na kalisi. Siku ya nyama, maini kipande kidogo, mara moja kwa wiki kinatosha. Na pera baada ya maharage, vitamini C inakisaidia chuma kupita.

LUTE: Na mboga za majani? Huku kwetu mnafu uko mpaka njiani.

ATU: Mnafu, majani ya maboga, karoti, viazi lishe vile vya rangi ya chungwa, hivyo ni vitamini A. Lakini inahitaji mafuta ili iingie. Ponda humo robo ya parachichi. Lile dogo ambalo mnunuzi amelikataa kwa kovu la ganda, ndani halina kovu.

LUTE: Mama anajuaje kama vitamini A imepungua?

ATU: Jioni mtoto anajikwaa, hataki kutoka sehemu aliyokaa, mwanga ukipungua haoni. Macho yanakauka, au doa jeupe kama povu pembeni ya mboni. Hiyo ni ya kupelekwa siku hiyohiyo, jicho linaweza kupotea. Zinki haina alama ya wazi hivyo, lakini mtoto akihara apewe ORS na vidonge vya zinki, siku 10 hadi 14. Watu wanaacha siku ya tatu kuhara kukikata. Maliza dozi.

LUTE: Na rovu? Wazee wetu wengi wamekuwa nalo shingoni.

ATU: Milima, mvua nyingi, madini joto yameoshwa kwenye udongo. Chumvi yenye madini joto ndiyo iliyopunguza, ila ukiiacha wazi karibu na jiko unaipoteza. Ifunike, tia kwenye chakula mwishoni. Ile ya mawe ya gulioni isiyo na pakiti, siitetei.

LUTE: Ya mwisho. Matone ya vitamini A yanatolewa Juni na Desemba. Sasa Juni watu wako shambani wanavuna, mama anarudi mwezi umekwisha.

ATU: Asisubiri Desemba. Aende na kadi ya kliniki, wamwangalizie mtoto alipata lini mara ya mwisho. Kuanzia miezi sita hadi kumi na moja ni yuniti 100,000, kuanzia mwaka mmoja hadi kabla ya mitano 200,000, kila baada ya miezi sita. Na tarehe ya dozi isiandikwe kwenye kumbukumbu ya simu ya baba aliyeko Tunduma. Iandikwe kwenye kadi, maana dozi mbili kwa mkupuo hatutaki.