Kivumbasi: Kutoa Mafuta Tete na Kupima Nguvu Yake Dhidi ya Radikali Huru

Karibuni, wapenzi watazamaji. Leo mezani tuna kivumbasi, kwa jina la kitaalamu Ocimum gratissimum. Tutatoa mafuta yake, tutaangalia yamebeba nini, kisha tutapima yanazima kwa kiasi gani radikali huru, yaani molekuli zisizotulia zinazonyang'anya nyingine elektroni. Hayo mawili ya mwisho mimi siyatenganishi, na mtaona sababu.

Majani yakaushwe kivulini. Jua kali linayarusha mafuta hewani kabla hujayapata. Gramu 100 ndani ya chupa ya kitako cha duara ya lita 2, maji lita 1, vijiwe vya kuchemshia. Pachika kifaa cha Clevenger, yaani mrija wa kioo unaokusanya mafuta yanayopanda na mvuke, kipozeo juu yake, fungulia maji baridi, washa. Kuanzia yanapochemka, yaache kwa muda wa saa 3.

Sasa sogeeni... ngojeni, lenzi imeshika mvuke. Naifuta. Haya. Kwenye mrija wenye alama mnaona tabaka la manjano hafifu limekaa juu ya maji. Na pale pembeni, mnaviona vitone vimeng'ang'ania kioo? Hivyo navyo ni mali. Kivumbasi hiki ni cha aina yenye yujenoli nyingi, kile kiungo chenye harufu ya karafuu, na yujenoli peke yake ni nzito kuliko maji, ndiyo maana mafuta haya hayana haraka ya kuelea. Zima moto, acha vipoe, gonga kioo taratibu kwa ncha ya kidole, subiri tabaka mbili zijitenge. Soma ujazo hapo hapo na uandike.

Halafu koki. Hapa naomba utulivu. Fungua kidogo sana, maji yatoke tone kwa tone. Macho yawe kwenye mpaka wa maji na mafuta, usitazame pengine. Ukifungua kwa pupa, mafuta yanafuata maji na kazi yote inaishia kwenye beseni. Polepole. Mpaka huo ukikaribia koki, funga, pumua, kisha malizia. Narudia kwa ajili ya anayerusha video mbele: koki, polepole!

Mafuta yakishatoka, tia chembe za sodiamu salfeti isiyo na maji zinyonye unyevu, mimina kwenye kichupa cheusi, weka kwenye friji.

Kujua viungo vyake kunahitaji maabara yenye kromatografia ya gesi iliyounganishwa na spektrometa ya masi, yaani mashine inayotenganisha viungo kimoja kimoja na kupima masi ya molekuli zake. Peleka sampuli, utaletewa grafu kama hii. Kilele hiki kirefu ni yujenoli. Alama ya kuitambua ni masi ya molekuli 164. Hiki kidogo ni kiungo kingine, kariofilini. Lakini usishangae ukipata grafu tofauti: kuna vivumbasi vya jina hilihili la kitaalamu ambavyo kilele chake kikuu ni kiungo kiitwacho thaimoli. Ndugu yake, Ocimum kilimandscharicum, mara nyingi hujaa kafuri.

Ina maana gani? Yujenoli na thaimoli ni fenoli: zina hidrojeni ambayo ziko tayari kuiachia radikali ikatulia. Kafuri si fenoli, kwa hiyo kwenye kipimo hiki hufanya kidogo mno. Ndiyo maana simwelewi mtu anayesema "mafuta ya kivumbasi yana nguvu" bila kuonyesha grafu yake.

Kipimo chenyewe ni cha DPPH, kemikali ya zambarau ambayo yenyewe ni radikali huru; ikizimwa, rangi hiyo hupotea. Vaa glovu na miwani, methanoli ni sumu. Yeyusha miligramu 4 za DPPH katika mililita 100 za methanoli. Tazameni zambarau hiyo, mimi huipenda mno! Funika chupa kwa karatasi ya alumini, mwanga unaiharibu. Mafuta nayo yeyusha kwenye methanoli, tengeneza ukolezo wa ngazi tano, kisha changanya mililita 1 ya kila ngazi na mililita 2 za DPPH. Ukolezo wa kuandika ni ule wa baada ya kuchanganya. Hapo wengi huteleza. Weka gizani dakika 30.

Oneni neli ya mwisho: zambarau imekwisha, imebaki manjano. Soma kwenye spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na rangi, kwenye nanomita 517. Tuseme neli isiyo na mafuta imesoma 0.90 na hii 0.36: toa, gawanya kwa 0.90, zidisha kwa 100, unapata asilimia 60. Chora grafu ya ngazi zote, tafuta ukolezo unaozima nusu. Ukiwa mdogo, mafuta yana nguvu zaidi. Pima na vitamini C pembeni, siku hiyohiyo, upate cha kulinganisha.

Na haya ni matokeo ya kwenye neli. Hayakuambii mtu anywe matone mangapi, na mafuta haya yasinywewe. Kwenye lebo ya kichupa andika tarehe ya kuvuna, sehemu ya mmea na kiungo kikuu. Video ijayo naleta cha thaimoli, tukipime kando ya hiki.